Bavon wa Kabondo, Kitanda cha Kichina na Tundu la Bati

Zimeni redio, enyi watu wa Kisangani, mlio ukingo huu na mlio ng'ambo ya mto kule Lubunga! Wenye kukaanga ndizi za makemba waepue sufuria, wenye baiskeli watie mguu chini, na wenye usingizi wajifinye mapaja, kwa maana linalosimuliwa hapa si la kusikilizwa kwa sikio moja. Ni habari za Bavon, nguzo ya mtaa wa Kabondo, bwana wa mihuri, mwenye shati la mikono mirefu hata jua likiwa utosini, aliyepambana na upepo kwa mkono wa kuume na maji kwa mkono wa kushoto, asirudi nyuma ila pale alipoteleza. Wako watakaosema kwamba ni habari ya msumari tu. Hao waacheni na wivu wao.

Basi ijulikane kwamba Bavon alikuwa mkuu wa bureau katika ofisi moja ya mkoa, na kwa muda mrefu kuliko ambao adabu inaruhusu kuutaja alikuwa akingoja kuteuliwa mkuu wa division. Majina yalisomwa, wenzake wakapanda, wengine ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kushika kalamu, na jina la Bavon halikutamkwa. Alifunga na kuomba, haikusaidia. Aliwashuku uchawi shangazi zake wa kijijini Masako, nao wakamshuku yeye. Hatimaye simu yake ikamfunulia. Katika video alimwona bwana mmoja mwenye tai, msema Kifaransa cha puani, ambaye hakuwa Mchina wala hakudai kuwa Mchina, akieleza elimu kuu ya Wachina iitwayo feng shui, yaani upepo na maji: ya kwamba nyumba ina pumzi yake, na bahati huja mlangoni kama mgeni, ikichungulia ndani na kukuta vitu vimekaa ovyo, hugeuza ikaenda kwa jirani.

Bavon aliinua macho kutoka kwenye simu, akatazama salon yake, akaona maadui kila upande.

Ndipo zikaanza zile kampeni ambazo Kabondo haitazisahau. Aliviteka viti vya fauteuil, akavisukuma migongo ukutani ili mtu asiketi huku anasemwa nyuma yake. Akakiondoa kioo chumbani mwa kulala, kwa kuwa imeandikwa kwamba kioo huwazidisha waliolala, naye hakutaka ndoa yake iwe na watu wanne. Katika pembe ya utajiri ilihitajika mimea hai. Akaingia bustani ya mkewe, akaung'oa mche wa bitekuteku, ile mboga ya mchicha, akaupandikiza ndani ya sufuria ya mchuzi, na mche ule ukanyauka kwa heshima zote katika siku chache. Kila ushindi aliutangaza mezani, na kila alipotangaza, mkewe alimwongezea fufu ili anyamaze.

Mke huyo ni Julienne, muuza samaki wakavu wa Yanonge, mwanamke wa sauti ndogo na mizani isiyokosea. Na hapa, enyi wasikilizaji, inatubidi tuingie chumbani, maana huko ndiko vita vyenyewe vilikokuwa.

Kitanda chao kilielekeza miguu mlangoni, kama wanavyotolewa wafu. Bwana wa tai alikuwa amesema wazi kwamba alalaye hivyo asitarajie cheo katika dunia hii. Kitanda sharti kikae pembe ya mbali, kiutazame mlango kimshazari, ili mwenye nyumba awe kama jemadari aonaye kila aingiaye. Pembe ya namna hiyo chumbani mwa Bavon ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa mikononi mwa dola nyingine. Juu yake bati lilikuwa limepoteza msumari, likawa linainuka kila upepo ulipovuma, na mvua, ambayo Kisangani haiombi ruhusa kwa mtu, ilikuwa na njia yake pale. Chini ya tundu hilo alisimama mlinzi mmoja tu, beseni la Julienne. Na kwa kuwa beseni halijimwagi lenyewe, kila mvua iliponyesha Julienne aliamka na kukesha nalo, akilimwaga na kulirudisha, huku Bavon akikoroma kama mtu ambaye nchi inamtegemea.

Mara ngapi alikuwa ameomba? Aliomba kwa upole, aliomba kwa ukali, aliomba akiwa na ujauzito wa Benie, binti yao ambaye sasa yuko masomoni Bunia.

"Papa Benie, ni musumari moja tu. Musumari moja na nyundo, basi."

Na Bavon alikuwa akimjibu kama serikali inavyowajibu raia wake: "Mama Benie, ile dossier iko mu étude, bado inachunguzwa. Nomination ikishatoka, tutabadilisha bati, tôles zote, tutaweka za rangi. Mutu wa cheo yangu hawezi panda juu ya nyumba kama nyani."

Basi siku ya uhamisho wa kitanda ilipofika, Bavon alimwita jirani yake Assumani, mzaliwa wa Maniema, mwendesha toleka, mwenye mapaja yaliyokwisha kubeba nusu ya mji kwenye karia ya baiskeli. Kitanda kilikuwa cha mbao nzito za msituni, nacho kilikuwa hakijasogea tangu ndoa. Bavon alisimama mbele yake, akainua kidole.

"Ee kitanda!" akanguruma. "Miaka yote ulinitoa miguu mbele kama maiti. Leo, mbele ya Mungu na mbele ya Assumani, ninakuondoa mu fasi ya aibu, ninakuweka mu fasi ya utawala!"

"Papa Bavon," akasema Assumani, akiwa tayari amekwisha kuinua upande wake, "hotuba nayo iko muzito. Tubebe kwanza."

Wakasukuma. Kitanda kikalia, sakafu ikachubuka, kidole gumba cha jemadari kikapondwa, na jina la Bikira Maria likatajwa kwa namna ambayo si sala. Julienne alisimama mlangoni na beseni mkononi.

"Pale mvula inaingia," akasema.

"Mama Benie, maji ni mali! Wachina wote wanajua vile."

"Wachina wote hawatalala pale. Ni mi nitalala."

Lakini sauti ndogo haisikiki penye ushindi mkubwa. Kitanda kikatawazwa pembeni, na beseni likapewa makao mapya juu ya godoro, kati ya mume na mke.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa na baada ya kula pondu, wenye nyumba walijilaza. Mbingu ya mkoa wa Tshopo ikafunguka. Upepo ukaliinua bati, maji yakashuka, yakalikosa beseni kwa upana wa kiganja, yakampiga Julienne usoni na kukilowesha kitenge alichojifunika. Kitenge hicho kilikuwa cha marehemu mama yake, na rangi yake nyekundu ikaanza kuchuruzika shukani kama kitu kilichochinjwa. Bavon aliamka, akaona maji, akatabasamu. "Unaona? Inaingia," akasema, akimaanisha mali.

Julienne aliondoka kitandani, akakikamua kitenge, akachukua begi, akaanza kupanga nguo zake.

"Unaenda wapi?"

"Yanonge, kwa dada Laurette. Kesho boti inashuka." Kisha akageuka, na mwanamke yule wa maneno machache akasimama wima, akahutubia. "Sikia muzuri, Papa Benie. Mi nilikesha na ile tundu miaka yote. Nilipokuwa na mimba, nilikesha. Nilipokuwa na malaria, nilikesha. Sikukasirika, nilisema bwana yangu iko na mawazo mingi. Lakini leo, we mwenyewe, na mikono yako, ulibeba kitanda yangu ukaniweka chini ya tundu. Mutu anayekusahau, unaweza muvumilia. Lakini anayekuweka pale maji inaanguka, huyo unamuachia nyumba yake."

Hapo shujaa wetu, ambaye alikuwa amemkabili mkurugenzi wa mkoa bila kupepesa, aliingiwa na woga. Aliiona nyumba ile bila Julienne, viti vyote vimeegemea ukuta kwa utaratibu na hakuna wa kuvikalia. Alimpenda mkewe. Alimpenda sana, na katika video zote alizotazama hakuna aliyemfundisha namna ya kulisema hilo. Akasema alichojua kusema.

"Mama Benie, nikirudisha kitanda, nomination yangu inakufa."

Julienne angeweza kuondoka saa ile. Lakini alikuwa muuza samaki, na muuza samaki hatoki sokoni kabla ya kujaribu bei ya mwisho.

"Bon," akasema. "We unaamini Wachina? Katikati ya muji, mu ville, iko Muchina wa kweli, ule wa duka ya quincaillerie, ya vyuma na mabomba. Ule wa mu simu si Muchina. Kesho, mbele ya boti iondoke, kwenda umuulize ule wa kweli. Akisema kitanda ikae, itakaa, na mi nitaenda. Akisema kitu ingine, utafanya ile kitu."

Bavon akaapa kwa jina la Benie. Hakujua kwamba mkewe alikwisha kununua kufuli kwa Mchina huyo, na akiwa pale alikuwa amejifunza jambo moja: kwamba mwenye kuuza misumari hamshauri mtu ahamishe kitanda.

Kesho yake asubuhi, Bavon alipanda farasi wake wa vita, ndiyo karia ya toleka ya Assumani, yenye mto wa sponji na vishada vya plastiki, akavuka mitaa kwa fahari huku pikipiki zikimpigia honi na matope yakimpamba suruali. Alilikuta lile hekalu la hekima limejaa ndoo, mabomba na kamba za nailoni, na nyuma ya kaunta mtu wa makamo, mwenye fulana, akila makemba na maharagwe.

Bavon alivua kofia. "Mwana wa Asia," akaanza, "mwenye hekima ya miaka elfu, mi niko chef de bureau. Nimekuja kuuliza juu ya feng shui. Kitanda yangu iko mu fasi ya utawala, lakini bibi yangu iko nakimbia. Nifanye nini?"

Mchina akameza, akafuta mdomo. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisangani kabisa.

"Papa, mi sijue mingi mu ile mambo. Ilikuwaka kazi ya nyanya yangu. Ye alikuwa anageuza kitanda, babu anarudisha, mpaka wote wawili walikufa. Ya kwangu iko kule nyuma, miguu inaangalia mulango, sababu depot imejaa. Nalala muzuri. Bibi yako anakimbia nini?"

"Maji. Inamuanguka ku uso."

"Inatokea wapi?"

"Ku tôle. Juu."

Mchina akamtazama kama mtu anayengoja sehemu ngumu ya swali. Haikuja.

"Papa," akasema taratibu, "tia musumari."

Neno hilo lilimwingia Bavon na kumsimama kifuani, kwa kuwa alilijua. Alilijua lilivyosikika kwa upole na lilivyosikika kwa ukali, alfajiri na jioni, likitoka kwenye kinywa kingine, na kwa muda mfupi pale mbele ya ndoo za plastiki aliona haya, haya ya kweli, hata masikio yakamwaka. Lakini aibu haikai sana kwa watu wa ofisini. Alipofika nje alikuwa amekwisha kuigeuza kuwa ufunuo.

"Assumani!" akapaza sauti, ameshika misumari juu kama mishale. "Muchina amesema! Tundu ndiyo inatoa pumzi ya nyumba! Pédalez, kanyaga!"

Enyi mnaosikiliza, shikaneni mikono, kwa maana sasa anapanda. Ngazi iliazimwa parokiani. Watu walikusanyika uani, wengine wakiwa na viti vyao. Bavon alipanda, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote, akiwa na nyundo kiunoni na kipande cha kandambili kuukuu ya Assumani katika meno, kwa kuwa msumari bila mpira chini yake huvuja. Bati lilimngoja juu, lenye kutu, likipigapiga. Msumari wa kwanza aliupinda. Wa pili ulimruka, ukapotea kwenye migomba. Akasita, akatazama chini, akaona umbali wa dunia, akatazama tena, akamwona Julienne amesimama chini ya ngazi, ameishika kwa mikono miwili ili isiteleze, begi lake liko miguuni pake. Bavon akaweka msumari wa tatu juu ya kandambili, akafumba macho, akapiga. Ukaingia. Akapiga tena, akapiga tena, hata walio kule mtaa wa Makiso wakadhani kuna jumba linajengwa.

Adui hakukawia. Mchana huo huo mawingu yalifika, upepo ukatangulia, mvua ikafuata, na watu wote wakaingia chumbani wakakizunguka kitanda, vichwa juu. Bati lilinguruma lakini halikuinuka. Halikudondoka tone.

Ndipo vigelegele vikapigwa, na Bavon akashikwa mikono, akaitwa mfunga mbingu, simba wa bati, mhandisi. Akapanda juu ya stuli kushukuru. Lakini Assumani, ambaye sasa alikuwa na kandambili moja, akamkatiza kwa swali ambalo kila mwandishi wa historia huliogopa.

"Papa Bavon, hii akili ya musumari, ni nani alikupatia?"

Bavon alimtazama mkewe. Julienne alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anapapasa godoro taratibu kwa kiganja pale ambapo maji huanguka, na pale palikuwa pakavu. Kweli ilikuwa imefika kwenye ulimi wa Bavon. Ilikuwa jina moja tu.

"Ni Muchina," akasema.

Watu wakapiga makofi, na tangu siku ile ndivyo inavyosimuliwa Kabondo, kwamba hekima ya Uchina ilipita kwa Bavon na kuiziba mbingu. Julienne alisikia. Alitikisa kichwa, akacheka kidogo peke yake, akawaomba watu watoke. Kisha akajilaza pale pembeni, akajifunika, na mvua ikilipiga bati kwa nguvu zake zote akapitiwa na usingizi mzito, mchana kweupe, begi lake liko mlangoni, bado halijafunguliwa. Bavon alipochungulia na kuona amelala, alirudisha mlango taratibu, akaketi nje yake kwenye kiti. Watu walikuwa bado wanakuja kumpongeza, na kila aliyefungua kinywa alionyeshwa kidole mdomoni, ikabidi sifa zote za siku ile zisemwe kwa kunong'ona.