Mwiko, Karai na Mwanamke wa Yohana

Jumapili, 6 Juni 1971

Shingo imekufa. Wiki nyingine ya karai. Nimetoka kwetu Taita, nimevuka nchi nzima mpaka Kebirigo, ili niwabebee Wasabato mchanga kichwani. Hakuna hapa anayejua jina langu. Naitwa Mtaita, kama ng'ombe anavyoitwa Mweusi.

Habari njema moja tu. Fundi Ondieki anataka mtu wa pili wa kushika mwiko, wapange matofali pamoja. Mwenye mwiko hapandi ngazi na karai. Anasimama, anapiga mluzi, wengine wanabeba. Wanaotazamiwa ni mimi na Makori. Makori hawezi kupanga hata viatu vyake. Lakini ni mtu wa hapa, na anaimba kwaya.

Nina mpango. Wasabato hawajengi Jumamosi. Basi Jumamosi navuka mto, ambako Wakatoliki nao wanajenga kanisa lao, na fundi wa huko ananiachia mwiko nijifunze. Wasabato nimewaambia najiandaa kubatizwa. Wakatoliki nimewaambia nilibatizwa zamani. Kila mtu ana furaha.

Jumatatu, 7 Juni

Makori amenichongea. Amemwambia mzee Obwocha, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, kwamba siku ya Sabato aliniona ng'ambo nikiwa na simiti mpaka magotini.

Mzee alikuja mwenyewe chini ya ngazi. Aliniuliza kwa upole, na upole wake ni mbaya kuliko matusi, nilipumzikia wapi Sabato. Nikasema kwa shangazi, mgonjwa. Akasema ajabu, hata Makori alikuwa ng'ambo kwa shangazi mgonjwa, akimpelekea ndizi. Mkungu mzima. Shangazi gani mgonjwa anamaliza mkungu mzima? Lakini Makori haulizwi. Makori ni sauti ya pili kwenye kwaya.

Kamati itakaa Jumapili. Sharti la kazi linajulikana: anayejenga kanisa hili havunji Sabato. Nikishindwa, mwiko umekwenda na karai nalo limekwenda.

Sina wasiwasi. Nilisoma mpaka darasa la sita, na kisa kimoja sijakisahau. Yohana, sura ya nane. Yule mwanamke aliyefumaniwa, na watu na mawe yao, wakaambiwa asiye na dhambi aanze. Wakaondoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia. Nitawauliza kamati swali hilo hilo. Obwocha ndiye mzee kuliko wote. Atatoka wa kwanza.

Jumatano, 9 Juni

Nilifanya kosa. Nilimjaribishia Mama Orpah, anayetupikia uji, utetezi wangu. Kwa sauti kubwa, na mikono.

Mwalimu Jethro alikuwa anapita. Huyu ni katibu wa kamati. Amerudi juzi kutoka chuo cha Biblia na miwani na Agano Jipya la Kigiriki, analibana kwapani kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Akasimama. Akaniambia kwa masikitiko kwamba nakala za kale kabisa za Yohana hazina kisa hicho. Kiliingizwa baadaye na wanakili. Akanionyesha ukurasa wake: kisa kizima kimefungiwa ndani ya mabano, kama mbuzi aliyekamatwa kwenye shamba la watu.

Nikamuuliza, basi yule mwanamke alitoka wapi. Akasema hilo ndilo swali la wataalamu.

Orpah alicheka mpaka uji ukaungua. "Pole, Mtaita," akaniambia. "Wakili wako amefukuzwa kortini kabla yako."

Karne na karne watu wamesamehewa kwa kisa hicho. Zamu yangu imefika, kimeondolewa.

Alhamisi, 10 Juni

Baada ya kazi nilivuka mto kwenda kwa padri. Dawa ya msomi ni msomi mwingine. Padri ni mzungu, lakini Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Makori.

Hakunisaidia haraka. Alisema Jethro anasema kweli kuhusu nakala za kale. Tena kuna nakala zilizokiweka kisa hicho kwa Luka. Kumbe ni kisa kisicho na kwao. Kinabisha kwa Yohana, kinabisha kwa Luka, kinaomba mahali pa kulala. Nikaanza kukipenda. Halafu akasema kanisa lilikwisha kukipokea zamani, na mgeni anayefika chakula kimeiva bado anakula.

Hapo sawa. Nikamwomba aje Jumapili awaeleze Wasabato hivyo hivyo. Akacheka. Akauliza Mkatoliki anatafuta nini mbele ya kamati ya Wasabato. Nikamweleza. Nilieleza mno.

Katekista Momanyi alikuwa mlangoni, anafagia mahali pamoja kwa muda mrefu. Akasema kumbe ndimi ninayewabebea Wasabato mchanga siku ya Bwana, na wao walidhani Jumapili nasali parokia nyingine. Padri akaniangalia kwa huruma, akasema nisirudi Jumamosi.

Wa Jumamosi wananishitaki kwa Jumamosi, wa Jumapili wananifukuza kwa Jumapili. Dini mbili, na zote zina macho.

Ijumaa, 11 Juni

Nimepata jambo nikiwa juu ya ngazi. Kama nakala za kale zimemtoa mwanamke, nani amekagua mengine? Jethro amefungua zizi mwenyewe. Nitatoa ng'ombe wote.

Jumapili, 13 Juni

Kamati ilikaa ndani ya kanisa lisilo na paa, juu ya matofali niliyoyabeba mimi. Hakuna aliyeniambia nikae.

Nilitoa kisa changu vizuri. Hakuna mzee aliyeondoka. Jethro akasimama na Kigiriki chake, akaeleza nakala za kale, akaeleza mabano. Obwocha alitikisa kichwa kwa raha, kama mtu anayeona karo ya chuo haikupotea.

Ndipo nikauliza. Kama kisa hiki kiliongezwa, nani amehakikisha amri ya Sabato? Huenda iliandikwa na mwandishi aliyechoka tu, aliyetaka kupumzisha shingo.

Obwocha aliacha kutikisa kichwa. Jethro akasema hayo ni mambo mawili, amri ni ya Kiebrania na kisa ni cha Kigiriki. Wazee wakamtazama kama mtu aliyewasha moto jikoni kwao akasema ni wa kuotea tu.

Persis, mke wa Obwocha, alikuwa ameleta chai. Akaweka birika chini. Akasema yeye aliingia kanisa hili kwa kisa hicho. Watu wa kilima hiki walipokuwa wanamsema, mchungaji wa wakati ule alikisoma, na midomo ikafungwa. Kama kisa kiko kwenye mabano, hata yeye yuko kwenye mabano, na mzee ajipikie kuanzia leo.

Obwocha aliangalia viatu vyake. Kisha akatoa uamuzi. Kisa kimo. Kigiriki kirudi chuoni. Jethro akakaa, akafuta miwani.

Nimewashinda. Mimi, wa darasa la sita. Nikamgeukia Ondieki, mkono tayari kwa mwiko.

Mzee akasema bado. Kisa kisomwe tena, polepole. Kikasomwa. Akaniuliza kama kuna mtu aliyenirushia jiwe. Nikasema hapana, mzee. Akasema vema, hata yule mama hakupigwa. Akauliza tena: kuna mahali imeandikwa kwamba alirudishiwa kazi?

Jethro akanyanyua kichwa. Akasema kwa jambo hilo nakala zote zinakubaliana. Hakuna.

Makori amepewa mwiko.

Jumatano, 16 Juni

Sasa niko Mosocho. Nimepata karai jingine. Dhehebu dogo linajenga, watu wa kufunga na kupumzika kila Alhamisi. Nimewaambia nimekuwa wa kwao tangu kuzaliwa. Jina la dhehebu nitauliza kesho.

Upande wa Kiogoro kuna mtu anajenga maduka, naye anataka vibarua wa Alhamisi. Nimekwisha kukubali.

Nimetayarisha na utetezi mapema. Mwizi pale msalabani, aliyesamehewa dakika ya mwisho. Yumo katika Luka, na hajapata msomi wa kumsumbua. Kebirigo sikukosea kitu. Nilichagua sura mbaya tu.