Bwana Bai Skeli Ana Tiketi Yake

Duka la Chupa za Chai,
Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo.
16 Desemba

Kwako Mkuu wa Stesheni, mheshimiwa ambaye hatujaonana ingawa nimeshinda mlangoni kwako,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, naipokea yako: marahaba.

Mimi ni Elimringi, mwuza chupa za chai. Ijumaa iliyopita nilifika kwako kupanda treni ya Moshi na baiskeli, nikarudishwa. Nikaikokota hadi Kariakoo, na pale Mnazi Mmoja wapita njia wakanipa pole kama niliyefiwa. Nimekasirika, mheshimiwa. Nimefunga duka ili niandike, na unajua Mchaga hafungi duka Desemba kwa jambo dogo.

Baiskeli si yangu. Ni ya kaka yangu Anaeli wa Machame. Miaka ishirini na miwili iliyopita niliiazima niende nayo sokoni mara moja, nikapitiliza nayo hadi Dar juu ya basi. Ndiyo iliyonitembeza Ilala na Magomeni nikiuza chupa moja moja mpaka nikapata duka. Tangu hapo nikimpigia kaka simu, nikitaja tu baiskeli, anakata. Krismasi zote hizo nimekula huku, kwa aibu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini mimi nataka kulipa na wewe unanizuia! Mama ana miaka themanini na nane, ametuma neno kwamba mwaka huu anataka kutuona meza moja, mimi na kaka. Treni ya mwisho kabla ya sikukuu ni Ijumaa hii. Kwa hiyo naomba usome malalamiko yangu ukiwa umeketi.

1. Askari wako wa mlangoni aliniambia, "Mzee, baiskeli haipandi treni." Sijawahi kudai kwamba inapanda. Baiskeli hii haijawahi kupanda hata ngazi ya dukani kwangu. Inapandishwa. Ubao wenu nao unasema ni marufuku kupanda na baiskeli. Mtu hupanda baiskeli akiwa juu yake, mimi nilikuwa pembeni naikokota. Sheria mnayo, sarufi hamna.

2. Mbele yangu jamaa alipita na godoro la futi sita. Nyuma yangu mama mmoja akapita na jogoo kwenye kikapu. Jogoo! Anawika, anachafua, anadonoa abiria. Baiskeli yangu ina kengele tu, na kengele nilikuwa nimeifunga kitambaa kwa heshima ya wanaolala.

3. Nikashauriwa niifungue vipande vipande, niitie kwenye gunia, isafiri kama kifurushi. Mheshimiwa, kwa kaka nilichukua baiskeli, sikuchukua vyuma chakavu. Jirani yangu Jeet, mwuza vipuri, ameinyoosha rimu zote mbili na kuipaka mafuta mpaka inang'aa, akaniambia, "Elimringi bwana, hii sasa ni bibi harusi." Bibi harusi haendi kwao kwenye gunia.

4. Hili ndilo kubwa. Abiria huyu ana tiketi! Dirishani nilikata mbili, na binti yenu Caroline akanipa fomu inayotaka majina mawili ya msafiri. Nikajaza: Bai Skeli. Jinsia, mwanamume, maana ina bomba la juu. (Ya Jeet kuhusu bibi harusi ni utani wake.) Kitambulisho, namba iliyogongwa kwenye fremu. Kazi, usafirishaji. Caroline akagonga muhuri bila kuinua macho. Mkaguzi alipoita, "Bwana Bai Skeli yuko wapi?" nilimjibu huyu hapa, nimemshika usukani. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakataa. Kucheka ni nusu ya kukubali, mheshimiwa. Nadai nusu iliyobaki.

5. Kwa hiyo naomba mambo machache. Bwana Bai Skeli apewe kiti cha dirishani, kwani alikuja Dar amelala chali juu ya basi, hakuona hata mlima mmoja wa Upare. Matangazo yenu yaseme "abiria na baiskeli zao". Askari amwombe radhi, hata kwa kumpapasa tandiko tu. Baadaye tutazungumza habari ya bajaji ya shemeji yangu, ambayo nayo ina wazazi Moshi.

6. Nimebana humu jani la sale. Kwetu akikabidhiwa mtu jani hili, ugomvi umekwisha, hawezi kukataa. Kama hulijui, uliza Mchaga yeyote ofisini kwako, hawakosekani. Ukishafungua bahasha umeshalipokea. Nimelichuma kwenye chungu cha maua cha shemeji yangu Nice, na bado hajagundua.

Nisalimie Caroline, mkaguzi na mbavu zake, askari wa mlangoni, na wote wanaolala benchi hapo stesheni wakisubiri.

Ni mimi mwenye uchungu na adabu,
Elimringi

N.B. Kabla sijafunga bahasha nilimpigia Anaeli, nikamsomea barua yote mbiombio asiwahi kukata. Safari hii hakukata. Halafu akanong'ona, "Mdogo wangu, usithubutu!" Kumbe baiskeli haikuwa yake. Aliichukua kwa jirani, Mwinjilisti Zakayo, bila kumwomba ruhusa, na nilipotokomea nayo akamwambia imeibwa. Usharika mzima ukafunga siku tatu kumwombea mwizi. Mwizi mwenyewe ni mimi, na kwa jinsi duka lilivyokua naona maombi yalifika. Zakayo yu hai, na kila jioni anakunywa chai barazani kwa kaka. Kumbe Anaeli hakuninunia hata siku moja, alikuwa anaogopa nitairudisha! Miaka ishirini na miwili! Tumecheka, mheshimiwa, kisha tukalia, yeye huko na mimi huku katikati ya chupa. Anasema nije mikono mitupu.

Basi sheria yenu ni nzuri mno, isimamieni. Ijumaa mkiniona nakuja na chochote chenye magurudumu, nizuieni, hata nikipiga magoti. Anayesubiriwa Machame ni mimi.