Vikombe Tisa vya Mmea Unaokula Nzi

Leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa kanzu. Mpya. Imepigwa pasi mara mbili.

Nawasimulia mwenyewe kabla Mama Rehema, jirani yangu hapa Mafiga, hajawafikia. Yeye ataongeza chumvi. Ya kwangu inatosha.

Mnajua habari zangu na Zuhura, yule fundi cherehani. Barua ya posa nilishaiandika, ila Mzee Kibwana, baba yake mkubwa aliyemlea, akasema haipokei mpaka aje aone ninavyoishi. Mzee ni bwana shamba mstaafu, anakaa kule juu Matombo. Zuhura akanidokeza: maisha yake yote mzee ametamani kuona kwa macho ule mmea unaokula wadudu. Ule ambao majani yake yananing'iniza vikombe. Nzi akitua mdomoni anateleza, anazama, habari yake imeisha.

Mimi muuza nyanya. Ukishaniambia mteja anataka nini, umemaliza.

Miezi miwili iliyopita nikaupata Mzumbe, kwa dada mmoja anayekuza mimea hiyo barazani kwake. Ulikuwa na vikombe tisa. Nikahesabu tena: tisa. Bei yake ilikuwa pamoja na ndoo ya maji ya mvua na somo la nusu saa la namna ya kuutunza.

"Dada, toa ndoo," nikamwambia. "Maji kwangu yapo bombani. Na somo nalo toa, mimi nimezaliwa shambani. Sasa inabaki ngapi?"

"Kaka, bila somo utauua."

"Nyanya sijaziua, nitaua kikombe?"

Akachoka, akapunguza. Nikaondoka najipongeza. (Kwa sauti. Nilikuwa peke yangu kwenye bodaboda, na dereva hakuitikia.)

Kufika nyumbani, nachungulia chunguni: hakuna udongo! Makumbi ya nazi yaliyosagwa na vijiwe vyeupe vyepesi, basi. Nikajua nimepunjwa. Nikajazia udongo mweusi, nikatia na samadi ya kuku, maji ya bomba asubuhi na jioni. Na kwa kuwa vile vikombe vilikuwa vimeachama muda wote kama vinadai, nikawa navipa dagaa. Mmoja kila kikombe. Ijumaa wawili.

Leo saa mbili asubuhi Zuhura akapiga simu.

"Shabani, mzee keshapanda gari. Mmea mzima?"

"Mzima? Umenawiri!"

Nikakata simu, nikaenda kuhesabu. Vikombe vya kijani vitatu. Sita vya kahawia, vimenyauka kama soksi, na vinne kati ya hivyo vimeshadondoka. Nikahesabu tena. (Hesabu mbaya huwa naipa nafasi ya pili. Haikuitumia.) Wiki iliyopita vilikuwa vizima vitano, nikajiambia unapumzika.

Hapo ikanijia akili ya soko. Fungu la nyanya lina uso na lina mgongo, na mteja unampa uso. Nikaugeuza mmea, vile vitatu vizima vikatazama mlangoni. Viwili vilivyokauka vikatazama ukutani. Vinne vilivyodondoka nikavifunga kwenye majani kwa uzi wa kijani, halafu nikavifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kupikia, kama nifanyavyo nyanya iliyolala. Vikang'aa! Mwisho nikatia dagaa kila kimoja, kichwa nje, ili mgeni aone mmea uko mezani.

Mama Rehema akapita na ndoo. "Baba, unapika nini?"

"Natunza mmea."

"Mbona unanuka gulio zima?"

Nikaendelea kung'arisha. Wivu huo.

Saa sita mzee akafika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Nikamwonesha kiti. Hakukaa. Chai na chapati hakuzitazama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akapiga magoti mbele ya kile chungu kama kijana.

"Nilikuona kwenye picha chuoni," akauambia mmea. Mmea, siyo mimi. "Nikasema nitakufa sijakuona."

Jamani! Mimi huku nimeshaanza kuhesabu sahani za pilau.

Akanyoosha kidole, akakiinua kikombe kimoja taratibu, kama unavyomwinua mtoto kidevu. Kikombe kikamfuata. Uzi ukamfuata. Dagaa akatoka na maji yake, akatua kwenye kanzu ya mzee, mapajani, na nyuma yake msafara wa sisimizi.



Mama Rehema, aliyekuwa mlangoni amekuja "kuomba chumvi", akapiga ukelele: "Astaghfirullah! Mmea umetapika!"

Mzee akautazama uzi. Akaugeuza mmea, akauona mgongo wake wote. Akachimba na kidole, akanusa samadi.

"Nani alikuambia uulishe?"

"Baba, niliona una njaa."

"Na samadi?"

"Sikuona udongo. Nikadhani nimepunjwa."

"Aliyekuuzia hakukufundisha?"

Ningeweza kudanganya. Ila Mama Rehema alikuwa ameshasikia hadithi hiyo mara tatu, nikijisifu.

"Alitaka. Nikamwomba aliondoe somo, apunguze bei."

Mzee akajipangusa sisimizi mapajani, mmoja mmoja.

"Mwanangu, huu unajitafutia chakula wenyewe. Rutuba inaunguza mizizi yake. Ulikuomba maji ya mvua tu, na usiubughudhi."

"Nimeelewa baba."

"Hujaelewa. Kuua mmea ni kutojua, nasamehe. Mimi mwenyewe nimeua mingi. Lakini wewe ulipoona unakufa, ulitafuta uzi." Akainuka, magoti yakalia. "Siku Zuhura akiumwa, utanigeuzia upande gani nimtazame?"

Nikainama kumwokota dagaa aliyeanguka.

Akaomba kapu. Akaung'oa mmea kwa mikono yake, akaikung'uta samadi yote, akaulaza ndani kama mgonjwa. Kisha akahesabu vikombe vilivyobaki hai. Akarudia!

"Vitatu," akasema.

"Vitatu," nikasema. Hilo ndilo pekee tulilokubaliana leo.

Zuhura kapiga sasa hivi.

"Mzee amechukua nini?"

"Mmea."

"Na barua?"

Barua ipo mezani, chini ya kikombe cha chai ambayo hakuinywa. Zuhura akakata simu. Nimempigia mara mbili.

Kesho nipo sokoni kama kawaida, na atakayeniuliza bei ya dagaa simuuzii nyanya. Na wewe dada wa Mzumbe, kama unasoma hapa: lile somo la nusu saa, nalitaka. Taja bei. Siombi punguzo.