Gitaa la Tano

Duniani kuna aina mbili tu za watu waliozaliwa ili waendeshwe: wafalme na mjomba wangu. Wafalme nasikia wamepungua. Mjomba yupo, na kwa miaka ishirini amekaa kiti cha nyuma cha kigari cha mama yangu, magoti yakigusa kidevu, huku kiti cha mbele kiko wazi.

"Msanii haendeshi, dada yangu," humwambia Mama. "Msanii huendeshwa. Vidole hivi ni vya nyuzi, si vya usukani."

Mama, ambaye vidole vyake ni vya cherehani, huingiza gia na kuondoa gari.

Usanii wenyewe ulitokana na bendi. Zamani, kabla sijazaliwa, kulikuwa na bendi ya Vijana Watano, ambayo nyimbo zake mpaka leo zikipigwa harusini watu wazima husahau kwamba wana magoti mabovu. Mjomba alikuwa mmoja wa hao watano. Ndivyo alivyosema, na ushahidi ulining'inia sebuleni kwetu: Mjomba jukwaani, kola pana kama mabawa ya bata, gitaa kifuani, macho kayafumba kwa uchungu wa sanaa. Chini ya kiuno picha ilikuwa imekatwa, nadhani kwa sababu fremu ilikuwa ndogo. Nilidhani hivyo kwa miaka mingi.

Mtaani aliitwa Nyuzi Sita. Jina hilo alijipa mwenyewe, kisha akalalamika kwamba watu wanamsumbua nalo.

Mwaka jana ikatoka filamu inayosimulia maisha ya bendi hiyo, kwa picha zilizopigwa enzi zile zile. Mjomba hakwenda kuitazama kwenye jumba la sinema. "Mtu hapangi foleni kwenda kujitazama," alisema. Lakini ilipotoka kwenye DVD, mambo yakawa mengine, maana DVD hutazamwa nyumbani, na nyumbani mtu huchagua watazamaji wake.

Aliwachagua wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya jirani, mjane mwenye miwani minene na msimamo mnene zaidi. Wa pili ni baba yake huyo Mwalimu, fundi umeme mstaafu. Mjomba alikuwa amemposa Mwalimu tangu mwanzoni mwa mwaka. Mwalimu aliwapenda Vijana Watano tangu usichana wake, na alikuwa amesema atatoa jibu siku baba yake atakapomwona mchumba kwa macho yake. Siku hiyo ikawa Jumapili ya kutazama DVD. Nisimwonee Mjomba: alimpenda kweli. Kwa ajili yake aliacha sigara, na akaanza hata kunyoa nywele za masikioni.

Sasa niseme tatizo langu. Mimi kazi yangu ni kuandika yale maneno yanayopita chini ya skrini kwa ajili ya watu wasiosikia vizuri. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye haya: unakaa chumbani peke yako, umevaa visikizi, na hakuna anayekuuliza maoni. Huandiki mazungumzo tu; unaandika na sauti nyingine, ndani ya mabano: [mlango unafungwa], [mbwa anabweka], [makofi]. Kanuni ni moja. Kinachosikika kiandikwe. Kisichosikika kisiandikwe, hata kama kinaonekana.

Na filamu gani ikaletwa mezani kwangu, kama si hiyo? Nilikuwa nimetia saini kwamba sitatoboa neno kabla DVD haijafika madukani. Kwa miezi miwili nilitembea na siri ile kama mtu aliyemeza kijiko.

DVD ilipofika madukani, Mjomba akawa wa kwanza kununua, na wala hakuitoa kwenye karatasi yake. Jumapili asubuhi nikamfuata alikokuwa akipiga pasi shati.

"Mjomba, itazame kwanza ukiwa peke yako."

"Nitazame nini? Mimi nilikuwepo."

"Kuna sehemu ya maelezo. Kiongozi wa bendi anazungumza juu ya kila picha..."

"Ananisifu?"

Nilifikiri kidogo. "Anakusifu," nikasema, kwa sababu ni kweli alimsifu.

"Basi. Wewe umesoma sana, mama, lakini vitabu vimekunyima furaha."

Wageni walifika saa tisa alasiri. Mzee aliingia polepole, akaitazama swichi yetu ya taa kabla ya kututazama sisi, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, baba," alisema Mjomba, aliyekuwa na miaka hamsini na sita.

"Marahaba. Hii swichi kafunga nani?"

Ikaandaliwa chai. Masikio ya Mzee yalikuwa yamechoka, kwa hiyo Mwalimu akauliza kama filamu ina maandishi.

"Yapo," alisema Mjomba. "Kayaandika mpwa wangu huyu hapa. Ukoo wetu wote ni sanaa tupu."

Nikawasha. Dakika ya arobaini na moja, pazia la ukumbi likafunguka, watu wakapiga kelele, na Mjomba akatokea mzima mzima, kuanzia kola hadi viatu, akitikisa bega moja kama anayefukuza nzi kwa adabu. Mwalimu aliweka kiganja mdomoni.

"Ni wewe kweli."

"Ni mimi," alisema Mjomba, kwa unyenyekevu ambao sijui aliuazima wapi.

Lau mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa naandika kadi za harusi. Lakini chini ya skrini yalikuwa yakipita maandishi yangu: [Ngoma, besi na kinanda. Mwimbaji anaimba.] Na Mzee ni mtu anayesoma kila kitu, hata nyuma ya boksi la majani ya chai.

"Gitaa liko wapi?" akauliza.

"Si hilo hapo, baba."

"Hapo naliona. Nauliza kwenye maandishi."

Mjomba akanigeukia. "Mpwa wangu kasahau."

Sikusahau. Nilisikiliza kipande kile mara tisa. "Kinachosikika ndicho kinachoandikwa," nikasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Mwalimu aliniomba nirudie. Nikarudia. Ilikuwa mbaya zaidi mara ya pili.

"Simamisha picha," alisema Mzee. Akanyanyuka, akaisogelea televisheni hadi pua ikakaribia kioo. "Waya uko wapi?"

"Waya gani, baba?"

"Gitaa la umeme lina waya. Unatoka hapa, unaingia kwenye spika. Hili lako limechomekwa wapi?"

"Sisi tulikuwa na ya kisasa. Hayakuhitaji waya."

"Miaka ile?" Mzee akamtazama kwa huruma. "Kijana, miaka ile mimi ndiye niliyekuwa nikifunga umeme kwenye kumbi. Hata taa tulikuwa tunaziomba ziwake."

Wakati kama huo mtu mwenye akili hukumbuka kwamba ana haja ya kwenda msalani. Mjomba akakumbuka kwamba amesifiwa.

"Basi aseme kiongozi wa bendi mwenyewe. Mpwa wangu, weka yale maelezo."

"Mjomba, chai inapoa."

"Weka."

Nikaweka. Sauti ya kiongozi wa bendi, mtu mzima sasa, ikaja juu ya picha ileile, na maandishi ya mkono wangu yakapita chini, meupe, makubwa, yanayosomeka hata kwa mtu aliyesimama mlangoni:

"Huyo mwenye gitaa? [Anacheka.] Huyo ni dereva wetu. Mpiga gitaa alilazwa siku hiyo, na bango lilisema watu watano. Mwenye ukumbi akasema wakipanda wanne hafungui pazia. Tukamvika dereva shati, tukampa gitaa, waya tukauacha garini asije akatuharibia. Lakini nimsifu: dereva kama yule sijapata tena. Miaka mitatu, barabara mbovu, hakutuchelewesha hata siku moja."

[Kikombe kinawekwa mezani.]

Mjomba aliitazama picha yake ukutani, kama anayeomba imsaidie. Mwalimu alimtazama Mjomba. Lakini wa kwanza kusema alikuwa Mama.

"Dereva," alisema.

"Dada yangu..."

"Miaka ishirini, kaka. Nimekupeleka kwa kinyozi. Nimekupeleka kliniki una mafua, mimi nina homa."

"Vidole vyangu..."

"Usinitajie vidole."

"Leseni unayo?" akauliza Mzee.

"Sijawahi kuiacha iishe," alijibu Mjomba haraka, kwa majivuno, kisha akatamani kuyameza maneno yake. Kumbe kila ilipokaribia kuisha alikwenda kuihuisha kwa siri. Alimwambia Mama anakwenda kwenye chama cha wanamuziki, naye Mama akampeleka.

Mama alitungua funguo kwenye msumari, akamwekea kiganjani taratibu, kama anayempa mgonjwa dawa. "Wageni wanarudi kwao. Wapeleke."

"Mwalimu," alisema Mjomba, sauti imepungua, "lile jibu..."

Mwalimu alichukua mkoba wake. "Nilikuja kumjibu mpiga gitaa. Naona hakuwahi kuwepo. Huyu dereva simfahamu bado, nitamjibu tukifika. Baba, wewe kaa mbele."

Niliwatazama dirishani. Kigari kile, ambacho mikononi mwa Mama hutoka nyumbani kama mbuzi anayevutwa kwa kamba, kilirudi nyuma mara moja tu, kikapita katikati ya nguzo za geti, kikaondoka bila hata kukohoa. Mzee alikuwa amefungua mdomo atoe kasoro. Akaufunga.

Mjomba alirudi baada ya saa moja.

"Kasemaje?" akauliza Mama.

"Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

"Harusi asubuhi yote hiyo?"

"Basi la shule. Dereva wao kastaafu." Akazitundika funguo msumarini kwa uangalifu mkubwa. "Nikimaliza muhula bila kuwachelewesha watoto hata siku moja, ndipo atanijibu."

Ni wiki ya saba sasa, na hajachelewa. Basi hupita mbele ya dirisha langu kila asubuhi, Mwalimu amekaa kiti cha mbele na saa yake mkononi, nami huliandika kichwani kama ninavyoandika kazini: [Honi. Watoto wanaimba. Gitaa halisikiki.]