Ukurasa wa Majaribio Umenitolea Siri

Leo nimeaibika mbele ya walimu, na tena kwa mkono wangu mwenyewe.

Mnajua nimekuwa nikitengeneza draiva ya mashine ya kuchapa breli kwa shule ya wasioona hapa Machakos. (Draiva ni ile programu inayofanya kompyuta ielewane na mashine.) Bila sahihi ya kidijitali, kompyuta ilikuwa inatoa onyo kwamba programu haijulikani. Mwalimu mkuu, mama mwangalifu sana, akakataa iwekwe. Basi nikaijaribu mpaka nikachoka, nikaituma ng'ambo ikakaguliwe.

Jana ilirudi na sahihi. Leo nikavaa tai (mimi!) nikaenda shuleni.

Ikaingia bila onyo lolote. Walimu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akataka kuona ukurasa wa majaribio, ule unaokuja ndani ya draiva yenyewe. Nikabonyeza. Karatasi ikatoka, akapewa Mwalimu Mwende atusomee. Mwende haoni, na ndiye amekuwa akinipigia simu kuuliza kazi imefika wapi.

Hapo ndipo nikakumbuka. Nilipokuwa najaribu, nilihitaji maneno yoyote ya kuweka kwenye huo ukurasa. Kwangu breli ni vipele tu, kwa hivyo nikaandika yaliyokuwa moyoni. Nilikusudia kuyafuta. (Nilikusudia!)

Vidole vya Mwende vikaanza kutembea, akasoma kwa sauti: "Mwende, ukicheka kwa simu, mimi husahau nilitaka kusema nini."

Vidole vikaendelea. Sauti haikuendelea.

Nikaomba nibadilishe ukurasa haraka. Mwalimu mkuu akauliza kama inawezekana. Ikabidi niseme ukweli: ukigusa hata herufi moja, sahihi inaharibika, tunaanza upya, na watoto wanangoja vitabu.

"Basi uache hivyo," akasema, akiangalia nje ya dirisha kama mtu aliyeona ng'ombe wake wakipita.

Nikakusanya nyaya zangu. Mwende akanisindikiza hadi langoni, ameshika kiwiko changu, ile karatasi ameikunja mkobani.

"Kyalo, umekosea maneno mawili," akaniambia polepole. "Jumamosi uje nyumbani Mitaboni nikufundishe breli. Mama atapika muthokoi."

Sasa niko saiba (duka la intaneti) nawaandikia, masikio bado yanawaka. Kucheka mtacheka baadaye. Kwanza mniambie: mtu akienda kufundishwa breli, humbebea mama ya mwalimu nini?