Bata Watatu na Kiti cha Mbele

Alhamisi, 10 Aprili

Wikendi ya sanaa ya mtaa inaanza kesho. Majira ya machipuko yameingia, miti ya barabarani imetoa maua, na ghafla kila mtu amekuwa msanii. Mimi ni fundi fremu. Karibu picha zote zitakazotundikwa ghorofani kwenye ukumbi wa mtaa zimepitia mikononi mwangu, na kwa moyo mweupe kabisa naandika kwamba nyingi ni mbovu.

Yangu si mbovu. Inaitwa "Bata Watatu Alfajiri". Rangi ya mafuta, kazi ya msimu mzima wa baridi. Utaratibu ni huu: kila mgeni anapewa haragwe moja mlangoni, anakwenda kulitia kwenye kopo lililo chini ya picha aliyoipenda. Picha itakayopata maharagwe mengi itakaa mlangoni mwa maktaba mwaka mzima. Ninayemhofia ni mmoja tu, daktari wa meno wa mtaa wa pili. Eti huchora jioni kujipumzisha. Amechora ndimu mbili kwenye sahani. Ukizitazama mate yanakujaa mdomoni. Limenikera sana hilo.

Aliniletea picha yake niitie fremu, akaniachia nichague mwenyewe. Masikini. Nimemtilia ubao mwembamba mweusi ambao siku hizi hata vyeti vya shule sivitilii. Bata wangu nimewapa fremu pana ya nakshi, nikaipaka dhahabu hadi inaumiza macho.

Jambo jingine. Mke wangu ataimba Jumamosi saa kumi, ukumbini chini, yeye peke yake na kwaya ikimwitikia. Mwaka jana alipasuliwa koo. Alikatazwa kusema, ikawa nyumbani tunaitana kwa kugonga vijiko. Tangu hapo hajaimba mbele ya watu. Anaogopa, na hafichi. Jukwaani huvua miwani kwa sababu inapata ukungu, kwa hiyo nyuso hazioni, ila koti langu la kahawia na kofia yangu anavitambua. Ameniomba kitu kimoja tu: nikae kiti cha mbele, katikati. Akiniona hapo atatulia. Nimemwambia nitafika kabla ya viti vyenyewe.

Ijumaa, 11 Aprili

Ufunguzi. Fremu yangu imetia fora. Watu walijazana mbele yake kama wanagawiwa kitu. Mwenye duka la viatu aliipapasa nakshi kwa kidole, akauliza kama naweza kumtengenezea ya aina hiyo kwa kioo chake cha sebuleni. Dada mmoja akataka mbili. Nikawauliza wanawaonaje bata. Wakauliza bata wepi. Mzee mmoja mwenye subira alisogea, akatazama kwa makini, akanisifu kwa kuchora birika zikatoka vizuri namna ile.

Kisha wote wakaenda kutia maharagwe yao kwa ndimu.

Daktari wa meno alikuja kunishukuru kwa fremu. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Nilitafuta kejeli usoni mwake sikuiona. Mtu hana hili wala lile, na kopo lake limefika nusu. Langu lina maharagwe ya kutosha kuhesabiwa kwa kutupa jicho, na moja ni langu mwenyewe.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Shida si bata. Shida ni ngazi. Watu wananunua vyungu uani, wanaangalia vikaragosi vya watoto, kisha wanaketi chini kusubiri kwaya. Wanaopanda ghorofani ni wale wajuaji, na wajuaji wanapenda ndimu. Mimi ninahitaji watu wa kawaida, na kesho watakuja kwa wingi kusikiliza kwaya. Mke wangu ameniuliza nawaza nini. Nimesema nawaza wimbo wake.

Jumamosi, 12 Aprili

Mlangoni pa ukumbi pana kibao cha mguu mmoja kimeandikwa KWAYA, kina mshale unaoelekeza kushoto. Mguu umelegea. Ukikigusa tu kinageuka. Nilikigusa. Mshale ukaelekea ngazi.

Mpango ulikuwa mdogo na wa haki. Watu wapande, wawaone bata, watie maharagwe, mimi nishuke nikirudishe kibao, wote tuingie ukumbini pamoja. Kwaya hii haijawahi kuanza kwa wakati tangu niijue.

Walipanda. Lo, walipanda kweli! Familia nzima nzima, na bibi wawili waliobebewa viti. Nikasimama kando ya bata nikawaeleza alfajiri, nikawaeleza ukungu, nikawaeleza kwa nini bata wa tatu hana miguu. Mtu akauliza kwaya iko wapi. Nikasema inajiandaa. Akauliza tena, nikasema wasanii hawaharakishwi. Maharagwe yalikuwa yanalia ndani ya kopo, na mimi nimesikia raha ambayo sijaisikia siku nyingi.

Kumbe mwalimu wa kwaya alisemwa mwaka jana kwa kuchelewa, akaapa. Saa kumi ilipogonga akaanza, na akaanza na mke wangu.

Niliposhuka alikuwa anamalizia kuinamisha kichwa. Ukumbi mtupu. Walikuwepo watu wa kujaza benchi moja, nao wamekaa mbali mbali. Kiti cha mbele, katikati, alikuwepo daktari wa meno. Kilikaa kitupu ubeti wote wa kwanza, akaona ni vibaya kiachwe hivyo. Alikuwa amesimama, anapiga makofi peke yake kwa nguvu zote.

Mke wangu alivaa miwani, akanitazama pale mlangoni, akaivua tena.

Nyumbani hakugomba. Alisema sauti ilimtetemeka ubeti wote wa kwanza kwa sababu alikuwa ananitafuta. Nikasema watu walipotezwa na kibao. Akasema amesikia. Akauliza mimi nimepotezwa na nini, ilhali ukumbi ule nimeujua tangu ujana. Niliona aibu, tena aibu ya kweli.

Habari njema: mwalimu wa kwaya ameamua kurudia kesho, kwa kuwa wengi hawakusikia. Saa kumi. Nimeapa kwa mke wangu kwamba nitakuwepo.

Habari mbaya: maharagwe pia yanahesabiwa kesho saa kumi.

Jumapili, 13 Aprili

Hesabu haiwezi kuachiwa watu tu. Anayehesabu ni mkutubi, mama mwaminifu sana, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Mtu mwaminifu haangalii kama haragwe limedondoka chini ya meza. Lazima mwenye picha awepo.

Nikamwita shemeji, kaka yake mke wangu. Mwili wetu ni mmoja, kuanzia mabega hadi kitambi. Nikamvisha koti langu la kahawia na kofia, nikamwambia kazi yake ni kukaa tu, kiti cha mbele, katikati, aangalie jukwaani. Akauliza kama dada yake anajua. Nikamwambia atafurahi. Akasema sawa, ila ametoka zamu ya usiku. Nikasema kukaa ni kupumzika.

Saa kumi nilikuwa ghorofani na mkutubi, makopo yamepangwa mezani. Alikuwa amefika katikati ya kopo langu wimbo ulipoanza. Sakafu ya ukumbi ule ni ya mbao, kila kitu kinapita. Sauti ya mke wangu ilipanda ikatujia miguuni. Haikutetemeka hata kidogo. Ilikuwa nzuri kuliko kabla ya kupasuliwa, nzito kidogo chini, safi juu. Mkutubi aliacha kuhesabu, akafumba macho. Nilikumbuka vijiko. Nilitaka kushuka, na mguu mmoja niliuinua kabisa.

Kisha nikaona mkutubi amechanganya yaliyohesabiwa na yasiyohesabiwa. Nikamwomba aanze upya. Aliyarudisha yote ndani ya kopo. Akaanza upya.

Ndimu zimeshinda, tena kwa mbali. Mkutubi alitaka kunifariji. Alisema fremu ile nyembamba nyeusi ndiyo iliyoziacha ndimu zionekane, fundi mwingine angezizika, na nikubali kwamba nusu ya ushindi ni wangu. Mke wangu alikuwa ameshaondoka daktari wa meno aliponiita jukwaani mbele ya watu wote nipigiwe makofi. Nilipigiwa. Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo.

Nyumbani mke wangu alikuwa jikoni, mgongo kwangu. Akasema alianza vizuri sana. Aliliona koti, aliiona kofia, moyo ukatulia, sauti ikatoka yenyewe. Kisha, ubeti wa mwisho, kofia ikaanza kushuka, ikashuka mpaka ikalala kifuani. Akasema afadhali jana. Kiti kitupu hakikoromi.

Hapo nilikuwa na njia mbili: niwe nimelala, au niwe sikuwepo. Nikachagua kulala. Nikasema nilifumba macho ili nisikie vizuri. Alikuwa karibu kunisamehe, niliona bega likilegea. Mlango ukagongwa. Shemeji, amekuja kurudisha koti.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi mke wangu amezungumza, kwa utulivu, akiniangalia usoni. Alisema hakuhitaji nishangilie, hakuhitaji hata nipende wimbo. Alihitaji mtu wake mmoja akae pale. Jumamosi ijayo kwaya itaimba maktabani, siku ya kutundika picha iliyoshinda. Ataimba tena. Kiti cha mbele, katikati. Akasema hii ni mara ya mwisho kuniomba, na baada ya hapo hataniomba tena, si hili wala lingine. Sijawahi kumwona ametulia hivyo. Iliniingia.

Nimemwahidi. Nimemshika mikono na nimemwahidi, na machozi yalinilenga.

Nimekaa karakana siku nzima nikijichunguza. Nimeyaona makosa yangu waziwazi. Kosa ni kumchukua mtu aliyetoka zamu ya usiku.

Kazi ya kuzitundika ndimu nimepewa mimi, kwa kuwa ndimi fundi. Nimekwenda kupima ukuta wa mlangoni. Ndoano yake ni ndefu, inabeba picha mbili, moja mbele ya nyingine, na ndimu zikiwa na ubao mwembamba vile, zitakaa nyuma ya bata bila mtu kujua. Ni kazi ya dakika chache, ila mlangoni pasiwe na mtu. Wakati unaofaa ni mmoja tu: saa kumi, wimbo ukianza, watu wote wakiwa wamegeukia kwaya.

Nimeshaongea na kinyozi. Kwa mbele hatufanani sana, lakini ana mabega yangu, na hulala mapema. Anakuja jioni kulijaribu koti.