Fedha Iliyotoka kwenye Ndoo

Jumatatu, 4 Machi 1957
Leo nimekuwa tajiri, bado kuthibitishwa tu! Watafiti wa madini wamefika Tanga na mashine ya kupiga mawe eksirei. Jiwe hujibu kwa miali yake, wao wakajua lina madini gani. Nami nina kiwanja Nguvumali, mawe matupu. Nimemposa Sabiha, mamaye Bi Chiku kasema sina mbele wala nyuma, binti yake atamwoza Idarusi, muuza baiskeli. Ataona.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda kumwamkia Bi Chiku. Uani, ndoo mpya ya bati, inang'aa kama fedha. Alipoingia jikoni nikaikwangua kwa tupa. Unga wake nimeupaka kwenye jiwe kwa gundi. Jiwe zuri! Nusura nilibusu.

Alhamisi, 7 Machi
Kupimwa, Chumbageni. Nimemwalika Bi Chiku na Sabiha. Idarusi kajialika. Fundi wa mashine, Manase, akaweka jiwe langu, taa za kuhesabia zikakimbizana. Nikapiga vigelegele, mwanamume mzima!

Manase akanituliza. Eti hapo inahesabu kila kitu. Kila mwali ukiingia hutoa mpigo wa umeme: mwali wenye nguvu, mpigo mrefu, dhaifu, mfupi. Kila madini yana kimo chake. Mashine ina mlango unaopitisha kimo kimoja tu, kama bawabu wa harusi anayefukuza warefu na wafupi.

Akauweka mlango kwenye kimo cha fedha. Taa kimya. Nikamwomba aizabe kofi, labda imelala. Akauteremsha hadi kimo cha zinki. Lo! Taa zikacheza ngoma. Zinki, akasema, ndiyo hupakwa mabati na ndoo.

Bi Chiku akauliza, taratibu kabisa, kama ndiyo sababu ndoo yake imeota kutu. Aibu! Idarusi akanuna kwa niaba ya watu wote. Sabiha akacheka mpaka machozi, akamwambia mamaye kuwa Idarusi hajawahi kumchekesha hata kwa bahati mbaya. Bi Chiku akasema nilete ndoo nyingine, niache hila, kisha tutazungumza.

Ijumaa, 8 Machi
Furaha isiyo kifani! Ndoo nimepeleka, posa imepokewa. Nimeapa mbele ya wazee: hila basi, maisha yangu yote. Nikiwa katikati ya kiapo nikaona vikuku vya Bi Chiku. Fedha tupu! Kimo chenyewe hasa! Na Manase yupo hadi Jumatatu. Nimemwambia mama mkwe vikuku vimefifia, anipe nikamsugulie.

Kanipa.